Fedha za Kuhudumia Waathiriwa wa Uhalifu Hospitalini Uganda: Anza na Nauli, Jengo Baadaye

Hospitali ikipata wazo la kufungua kituo cha waathiriwa wa uhalifu, mara nyingi kikao cha kwanza huzungumzia jengo. Chumba kipakwe rangi gani, bango likae wapi, nani aalikwe siku ya uzinduzi. Nauli ya mgonjwa kurudi nyumbani haimo hata kwenye ajenda.

Mwongozo huu ni kwa wauguzi, wakunga, maafisa tabibu, maafisa wa ustawi na asasi ndogo zinazofanya kazi ndani ya hospitali za Uganda, hasa zile za mpakani na za wilaya zinazopokea wakimbizi, ambako Kiswahili ndicho tunachoshikana nacho na mgonjwa aliyetoka Beni au Bunia, mashariki mwa Kongo. Msimamo wangu nautoa mapema: mishahara, dawa na chumba vibebwe na bajeti ya serikali, na fedha za wafadhili ziende kwenye vitu vidogo ambavyo bajeti ya serikali haina kifungu chake. Ukigeuza mpango huo utafanya kazi nzuri kwa miaka miwili mitatu, kisha mlango utafungwa kwa kufuli. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia 1 Julai mwaka huohuo shirika la USAID lilikuwa limekoma. Hapa kwetu huduma nyingi za manusura wa ubakaji zilikuwa zimeshikizwa kwenye miradi ya VVU iliyolipiwa na Marekani. Mshauri nasaha anayelipwa na mradi huondoka na mradi wake. Muuguzi aliye kwenye orodha ya mishahara ya wilaya hubaki zamu.

Hatua ya 1: Fuata gharama za mgonjwa mmoja

Kabla ya kuandika neno hata moja la andiko la mradi, kaa na mkunga wa zamu ya usiku na mfuatilie mgonjwa mmoja tangu alipoingia getini hadi kesi yake ilipokwisha. Tuseme ni Jumamosi saa nne usiku. Msichana wa miaka 14 analetwa na shangazi yake kwa bodaboda kutoka kijijini. Dereva hajalipwa, amesimama nje anasubiri. Hiyo ni gharama ya kwanza, na tayari hakuna wa kuilipa.

Ndani, dawa zipo au hazipo. Dawa za kuzuia VVU, yaani PEP, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na dozi ni ya siku 28. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kina nafasi hadi saa 120. Kuna kipimo cha mimba, kipimo cha VVU, dawa za magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini aina B. Vyote hivi vina mlango wa serikali, na nitaurudia hapa chini.

Halafu nguo. Nguo alizovaa msichana ni ushahidi, kwa hiyo zinabaki. Akirudi nyumbani atavaa nini? Nguo zenyewe zinataka bahasha za karatasi, maana kwenye mfuko wa plastiki hushika unyevu na kuharibika, na zinataka kabati lenye kufuli mpaka polisi wazichukue na kuzitia saini. Fomu ya polisi ya kesi za ngono ni PF3A, na ya majeraha mengine ni PF3. Fomu haina bei, lakini kila aliyefanya kazi hii amesikia maneno haya kwenye kaunta: "Mama, fomu zimekwisha, nenda ukatoe kopi." Saa hiyo ya usiku duka la kopi liko wapi? Weka rundo la kopi wodini. Ni gharama ya karatasi tu, na inaokoa kesi nzima.

Wiki inayofuata msichana anatakiwa arudi kumalizia dozi na kupimwa tena. Nauli ya nani? Muuguzi anampigia shangazi kumkumbusha. Muda wa maongezi wa nani? Miezi au miaka baadaye daktari aliyejaza fomu anaitwa mahakamani. Pengine amekwisha kuhamishiwa wilaya nyingine. Anahitaji basi, chakula na kitanda cha usiku mmoja, na hospitali yake mpya inasema kesi hiyo si yao. Asipofika, ushahidi wa hospitali unabaki karatasi isiyo na wa kuielezea, na upande wa utetezi hushangilia.

Orodhesha haya yote kwenye karatasi moja, na kando ya kila kitu andika moja kati ya maneno matatu: SERIKALI, MFADHILI, HAKUNA. Utaona kwamba vitu vya HAKUNA ni vya bei ndogo kuliko vyote, na ndivyo vinavyoangusha huduma. Zidisha safu hiyo kwa idadi ya wagonjwa wako wa mwaka. Umepata kiasi halisi cha fedha unazotafuta, na huenda ni kidogo kuliko ulivyodhani.

Hatua ya 2: Pata namba za hospitali yako mwenyewe

Namba za kitaifa zipo na ni nzito. Ripoti ya polisi ya mwaka 2023 ilihesabu kesi 228,074 zilizoripotiwa nchi nzima. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2016 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliotolewa 2018 ulikuta kwamba kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 35 ya wasichana na asilimia 17 ya wavulana walinyanyaswa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Zitumie kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko, kisha ziache hapo.

CAO, yaani ofisa mkuu mtendaji wa wilaya, na mfadhili mwenye uzoefu wanataka kujua ni wangapi wamepita kwako. Chanzo chako ni rejista ya kasualti, rejista ya PEP na ripoti ya kila mwezi ya takwimu za afya, HMIS 105, ambayo ina mstari wa majeraha yatokanayo na ukatili wa kijinsia. Linganisha hivyo vitatu kwa mwaka mmoja. Karibu kila mahali utakuta havipatani: aliyekatwa panga ameandikwa "jeraha" tu, na mke aliyevunjwa mkono ameandikwa kuwa alianguka. Rekebisha uandishi kwanza, hata kama utachelewa kuomba fedha kwa miezi mitatu. Hakuna mfadhili atakayelipia tatizo ambalo rejista yako inasema halipo.

Majina yasitoke wodini. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaigusa hospitali kama inavyoigusa benki. Toa hesabu, umri kwa makundi, na kata ndogo. Usitoe kijiji, maana kijijini kila mtu anamjua msichana aliyekosekana shuleni wiki ile.

Hatua ya 3: Ingia kwenye bajeti kabla haijafungwa

Hapa ndipo watu wengi wanapochelewa. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza 1 Julai, na wengi hukumbuka kuomba mwezi Mei au Juni, wakati hesabu imekwisha kufungwa. Waraka wa kwanza wa bajeti hutoka Wizara ya Fedha kufikia katikati ya Septemba. Mikutano ya bajeti ya wilaya hufuata katika miezi ya Oktoba na Novemba. Hati ya mfumo wa bajeti huwekwa mbele ya Bunge kufikia 31 Desemba, na Bunge hupitisha bajeti kufikia 31 Mei. Kwa hiyo dirisha lako ni Agosti hadi Oktoba. Ukija Januari utasikilizwa kwa heshima na kurudishwa nyumbani.

Jua unaongea na nani. Hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Fort Portal, Gulu, Arua au Mbarara, ina fungu lake lenyewe kwenye bajeti ya taifa, na mkurugenzi wake ndiye anayewajibika kwa fedha. Hospitali ya wilaya na kituo cha afya cha daraja la nne hupata ruzuku ya afya ya msingi, PHC, kupitia wilaya, na mwenye kalamu ni CAO. Ukimwandikia mganga mfawidhi wa hospitali ya wilaya peke yake ukimwomba kifungu kipya, umeandikia mtu anayekubaliana nawe kabisa na asiyeweza kukusaidia. Pita kwa afisa afya wa wilaya, DHO, kisha peleka hoja kwenye kamati ya baraza la wilaya inayoshughulikia afya na ustawi. Madiwani wanayajua matatizo haya kuliko wataalamu. Ni wao wanaoamshwa usiku.

Una silaha moja ya kisheria ambayo hospitali nyingi haziitumii. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka bajeti ziwe na cheti cha kuonyesha kwamba zimezingatia jinsia na usawa, na Tume ya Fursa Sawa ndiyo inayozipima. Wapangaji wa wilaya kila mwaka hutafuta cha kuandika kwenye sehemu hiyo, na mara nyingi huandika maneno matupu. Wape cha kuandika: "Huduma za saa 24 kwa manusura wa ukatili, wodi ya dharura", pamoja na kiasi na namba zako za Hatua ya 2. Umewarahisishia kazi, na kifungu chako kimepata mahali pa kukaa.

Usiombe "kituo". Omba vitu vinavyoingia kwenye vifungu vilivyopo: posho ya zamu ya usiku, uchapishaji, mafuta ya gari la wagonjwa, safari za kikazi. Safari ya daktari kwenda mahakamani ni safari ya kikazi, haina tofauti na ya kwenda kwenye semina. Mhasibu akisita, mwonyeshe Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010, ambayo imewapa wahudumu wa afya wajibu wao kwa manusura.

Na ule mlango wa dawa: hospitali za serikali hupokea dawa kutoka Bohari ya Taifa ya Dawa, NMS, kwa mizunguko ya kila miezi miwili, kufuatana na mpango wa ununuzi ambao hospitali yenyewe hujaza kila mwaka. Ikiwa kidonge cha dharura na vipimo vya mimba vinakwisha kila mara, angalia nani alijaza mpango huo na alitumia namba zipi. Mara nyingi alinakili za mwaka juzi. Hospitali za kidini, kama Lacor kule Gulu, huagiza kwa JMS, bohari ya dawa ya makanisa, na hutoza ada, kwa hiyo gharama yao kubwa ni msamaha wa malipo kwa waathiriwa. Waamue mapema nani ana mamlaka ya kusamehe saa sita usiku, bila kungoja msimamizi aje Jumatatu.

Hatua ya 4: Amueni kituo ni cha nani

Mwenye kituo ndiye atakayekilipia, na majirani zetu wameonyesha njia tatu. Rwanda ilifungua kituo cha Isange mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, kisha serikali ikakieneza kwenye hospitali za wilaya. Afrika Kusini iliviweka vituo vya Thuthuzela ndani ya hospitali za umma lakini chini ya mamlaka ya mashtaka, na ndiyo maana mwendesha mashtaka anaifahamu faili mapema. Nairobi, hospitali binafsi ya wanawake ilianzisha kituo chake mwaka 2001 na kukiendesha kwa michango. Kwa maoni yangu, hospitali ya wilaya ya Uganda ifuate njia ya Rwanda. Njia ya michango inataka mtu wa kutafuta fedha kila siku, na hospitali ya wilaya haina mtu huyo.

Hapa kuna mtego wa akaunti. Hospitali ya serikali haifungui akaunti ya benki kwa kuwa mfadhili ametaka. Ruhusa hutoka kwa Mhasibu Mkuu wa Serikali. Kwa fedha ndogo, njia nyepesi ni asasi mshirika kushika fedha na kuleta vitu: nguo, sabuni, bahasha, nauli inayolipwa moja kwa moja kwa dereva. Kila kitu kiingizwe kwenye leja ya stoo, hata khanga kumi. Asasi yenyewe iwe na kibali na hati ya makubaliano na wilaya, maana Sheria ya NGO ya 2016 hairuhusu kufanya kazi wilayani bila hiyo.

Hatua ya 5: Chagua mlango wa mfadhili kulingana na mahali ulipo

Ukiwa karibu na makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, Nakivale, Rwamwanja au Kyangwali, anza na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na washirika wake wa afya. Uganda ina utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya msaada wa wakimbizi kwa wenyeji, kwa hiyo hospitali inayowahudumia wote wawili ina hoja ya moja kwa moja. UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, nalo hutoa vifurushi vya matibabu baada ya ubakaji kwenye maeneo ya dharura.

Ukiwa kando ya barabara inayojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, una mlango ambao wengi hawaujui. Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta fedha za mradi wa uchukuzi uliokuwa ukijenga barabara ya Kamwenge–Fort Portal, baada ya wafanyakazi wa ujenzi kutuhumiwa kuwadhulumu wasichana wadogo. Tangu hapo miradi yake hutakiwa kuwa na mpango wa kuzuia ukatili wa kingono na kuwapeleka waathiriwa mahali pa huduma. Mahali hapo ni hospitali yako. Muulize mhandisi mkazi au mtaalamu wa jamii wa mradi akuonyeshe mpango huo, na uliza waziwazi: rufaa hizi zimetengewa kiasi gani?

Kaskazini hali ni nyingine. Februari 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa waathiriwa wa Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa waasi wa LRA, karibu watu 50,000, pamoja na huduma za pamoja za kuwarejesha katika afya. Ongwen hana mali, kwa hiyo fedha zinachangishwa na Mfuko wa Waathiriwa wa mahakama hiyo, ambao umefanya kazi kaskazini mwa Uganda tangu 2008. Hospitali za huko zisikae kando zikisubiri kuitwa. Zipeleke uwezo wao wa upasuaji na ushauri nasaha mezani mapema.

Waliopigwa au kuteswa wakiwa kizuizini wana mfuko wa Umoja wa Mataifa wa waathiriwa wa mateso, ulioanzishwa 1981, na Kampala kuna ACTV, kituo cha waathiriwa wa mateso, inayotibu kundi hilo tangu miaka ya 1990. Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ukatili dhidi ya wanawake nao upo tangu 1996, ila unashughulika na asasi za kiraia. Hospitali ya serikali haiombi yenyewe, inaandikwa kama mshirika.

Popote utakapobisha, peleka ile karatasi ya Hatua ya 1. Sema: serikali inabeba hivi, sisi tunaomba hivi tu. Mfadhili anayekataa kulipa nauli na kutaka kulipa warsha hotelini, mshukuru na uondoke.

Hatua ya 6: Usimsahau kijana aliyekatwa panga

Fedha nyingi za nje zinalenga wanawake na watoto, na ni haki. Lakini kasualti ya Jumapili asubuhi imejaa pia vijana: dereva wa boda aliyepigwa nondo na kuporwa pikipiki, mwingine aliyechomwa kisu baani. Wanashonwa, wanaondoka, na nje ndugu zao wamekwisha kukusanyana kulipiza. Oakland, Marekani, walianza mwaka 1994 kumpeleka mtu aliyekulia mitaa ileile akae kando ya kitanda cha kijana wa namna hiyo kabla hajatoka hospitalini. Gharama ni mshahara wa mtu mmoja na simu.

Kwetu mtu huyo anaweza kuwa kiongozi wa stendi ya boda anayeheshimika. Fedha zake zitafute kwenye SACCO na vyama vya waendesha boda, misikiti na makanisa, na polisi jamii. Ni kidogo, lakini ni zao, na hazina mwisho wa mradi.

Hatua ya 7: Fidia ya mahakama isihesabiwe kama mapato

Marekani ina mfuko wa taifa wa waathiriwa tangu 1984, unaojazwa na faini za wahalifu wa makosa ya shirikisho, na hata huo ulipungua mpaka sheria ikarekebishwa 2021. Uganda fidia hutolewa na mkosaji kwa amri ya mahakama, na kwa kesi za kunajisi watoto sheria inairuhusu waziwazi tangu marekebisho ya 2007. Mkosaji mwenyewe mara nyingi hana kitu. Kazi ya hospitali hapa ni kutunza risiti: kila kipimo, kila nauli, kila siku ya kitanda, ziwekwe kwenye faili ya mgonjwa ili mwendesha mashtaka awe na kiasi cha kumwomba hakimu. Mgonjwa asiye na wakili umpeleke kwa FIDA, chama cha wanasheria wanawake, au kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu, na mtoto aripotiwe kwa simu ya bure 116.

Hatua ya 8: Ripoti, na robo ya mwisho

Kila robo mwaka toa ukurasa mmoja kwa DHO, CAO na mfadhili, wote waone kitu kilekile: waliofika ndani ya saa 72, waliomaliza siku 28, kesi ambazo daktari alifika mahakamani, na fedha zilizotumika kwa kila mgonjwa. Safu ya pili ni muhimu kuliko zote. Kuanza PEP ni rahisi, kumaliza kunategemea nauli.

Mradi ukibakiza mwaka mmoja, chukua kila kitu kilicho chini ya neno MFADHILI na ukipeleke kwenye mkutano wa bajeti wa Oktoba, kimoja kimoja. Usisubiri mfadhili atangaze kuondoka. Kama ni mshauri nasaha, omba nafasi yake iingizwe kwenye ikama ya wilaya, na mwaka wa mwisho mfadhili alipe nusu tu. Halmashauri ikikataa, kata ukubwa wa huduma mapema na uwaambie wagonjwa: zamu ya mchana tu, au watoto tu, hadi bajeti inayofuata. Funguo za kabati la ushahidi zikabidhiwe kwa maandishi kwa muuguzi mkuu, pamoja na orodha ya kesi zote ambazo bado hazijasikilizwa.